Mbio kwenye Njia ya Zahanati

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kopo nililolifunga juu ya nguzo ya uzio limepata milimita kumi na nne kufikia magharibi. Naandika tarehe na vipimo kwa sababu masika ya mwaka huu yana kazi nyingine hapa Kwemvumo, zaidi ya kuotesha viazi.

Kazi yenyewe ni hii. Klabu moja ya baiskeli ya Arusha itamtuma kocha wake kwetu tarehe 11 na 12 Mei. Atatazama mbio za matope za wanawake, na atakayeshika nafasi ya kwanza ataondoka kwenda kambini kwao kwa mwaka mzima. Hachukui wawili. Hachukui aliyetimiza miaka ishirini na mitatu. Secilia, binti wa mdogo wangu Fanueli, anatimiza ishirini na mitatu mwezi wa Agosti. Akikosa, mama yake mdogo, Efrazia, amekwisha kumtafutia nafasi ya kuchuma chai Kwamkoro, na gari la kuwachukua wachumaji litapita Mlola mwanzoni mwa Juni. Hakuna njia ya tatu. Nimeuliza.

Fanueli ameniomba niwe mpima njia na mshika saa. Nimekubali kwa ajili ya mtoto. Fanueli mwenyewe simtegemei. Bwawa lake la samaki lina nyasi, mizinga yake ya nyuki ina mchwa, na nyumba yake ya pili imefika usawa wa madirisha tangu mwaka nilioondoka gazetini.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Milimita 22.

Jumamosi, 23 Machi

Mazoezi ya kwanza. Mzunguko una kilomita mbili na mita mia nne: unaanza uwanja wa shule ya msingi, unapita matuta ya kabichi ya Fanueli, unavuka magogo mawili ambayo ni lazima ushuke na kuyaruka, unashika barabara ya gari, kisha unapanda kilima ambacho baiskeli haipandiki. Hapo mtu huiweka begani na kukimbia nayo. Watu wa kwetu hawakuhitaji kufundishwa hilo la mwisho.

Baiskeli ya Secilia imeundwa na Issa, fundi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Fremu ni ya mtumba, magurudumu ni ya nyingine, gia ni za baiskeli ya tatu. Tumeipima kwenye mizani ya viazi: kilo kumi na mbili na nusu.

"Umeandika kilo," Issa akasema. "Andika na jina la fundi."

"Nitaliandika baiskeli ikifika mwisho bila kukatika."

"Huyu bwana," akawaambia wasichana, "hata jua likichomoza anasubiri shahidi wa pili."

Secilia ametumia dakika 14 na sekunde 50. Rahma, binti wa Issa, mwenye miaka ishirini, dakika 15 na sekunde 20, naye amefunga. Alimaliza, akakaa kwenye jiwe, akasukutua mdomo na kutema. Nilimwambia apumzike hadi mwezi uishe. Akasema, "Shikamoo baba, lakini hapana."

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Ibada saa nne. Milimita 31. Mchungaji ameiombea barabara.

Alhamisi, 4 Aprili

Fremu imepasuka chini ya kiti. Secilia alikuwa anaruka gogo la pili. Hakuumia. Waendesha bodaboda wamekataa kushuka kwenye utelezi, hivyo Issa ameibeba fremu kwa miguu hadi Mlola kuichomea. Amerudi saa kumi na moja, matope hadi kwenye mapaja.

"Baiskeli ya mtu wa mlimani," akasema, "nusu ya safari ndiyo inampanda yeye."

Nimetazama uchomeaji. Si mzuri. Nimemwambia. Amesema anajua.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Tumekula kwa Issa, pilau na kuku. Alasiri wasichana wameteremka uwanjani. Rahma amemaliza kwa 13:05, Secilia kwa 13:09. Ni mara ya kwanza Secilia kushindwa. Alitazama tairi lake la mbele, akasema, "Kumbe mwezi mzima nilikuwa nashindana na mtu mwenye njaa." Wakacheka wote wawili. Mimi nimeandika sekunde nne.

Milimita 19.

Jumatano, 17 Aprili

Milimita 48, nyingi kuliko siku zote. Kabichi za Fanueli zimeanza kuoza kwenye shina. Unazigusa, kichwa kinabaki mkononi.

Jumatatu, 22 Aprili

Kilima kimeporomoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Barabara ya gari imekwenda mita sitini, na matuta matatu ya Fanueli yamekwenda nayo. Hakuna mtu aliyeumia. Toka leo gari linaishia darajani, na bodaboda pia. Aliye huku juu atatembea.

Nilimkuta Fanueli amesimama kwenye ukingo, jembe begani, kama aliyefika kazini akakuta kazi haipo.

"Pole," nikasema.

"Asante, kaka." Baadaye kidogo akaongeza, "Zilikuwa zimeoza hata hivyo."

Theluthi moja ya mzunguko wetu ilikuwa kwenye ardhi hiyo.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimepima njia mpya siku nzima, kwa kamba ya mita hamsini. Njia pekee inayotoa urefu uleule bila kukanyaga shamba la mtu ni ile ya zahanati. Inatoka vitongoji vya juu, inashuka kwa ngazi za udongo zilizozuiwa na magogo ya mikaratusi, inafika darajani, na zahanati iko ng'ambo. Wasichana watazipanda ngazi wakiwa wamebeba baiskeli. Ngazi ni mia moja na kumi na nane. Upana ni mita moja na robo.

Fanueli ameikataa.

"Njia ile ni ya watu, kaka."

"Njia zote ni za watu."

"Gari halipandi sasa. Mgonjwa akizidiwa huko juu anashushwa kwa machela, na anashushwa hapohapo. Wasichana wakikutana nayo?"

"Watapita pembeni."

"Nani atapita?"

Anayesoma daftari hili pengine hakuzaliwa huku, kwa hiyo naeleza. Kwetu machela haipitwi. Ukikutana nayo unaweka chini ulichobeba, unachukua ncha moja ya mti kumpumzisha aliyechoka, unakwenda nayo hadi kituo kinachofuata, hata kama ulikuwa unaelekea upande mwingine. Wala huulizi aliyelala ni nani au anaumwa nini. Anayeuliza anahesabiwa kuwa anachagua wa kumbeba.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini Fanueli alipotaka tuzungushe mbio ndani ya uwanja wa shule, mara kumi na tano, kama kuku waliofungiwa, nilikwenda zahanati kumwona muuguzi, Scholastica. Nilimwomba anihesabie. Tangu Machi mosi wagonjwa walioletwa kwa machela kutoka juu ni watano: Jumatatu wawili, Jumanne mmoja, Alhamisi wawili. Jumapili, hakuna hata mmoja. Mbio zitachukua saa moja. Nilimwonyesha Fanueli hesabu.

"Sawa," akasema. "Wewe umesoma."

Tutamweka Issa chini ya ngazi na filimbi, azuie wenye mizigo ya majani na kuni.

Jumapili, 28 Aprili

Milimita 37. Hakuna mazoezi. Hakuna mboga.

Alhamisi, 2 Mei

Secilia 12:40. Rahma 12:48. Esteria, msichana wa tatu wa kijiji, 13:15. Secilia amejifunza kupunguza upepo wa matairi mpaka yanabonyea kwa kidole gumba, na amekata kipande cha godoro akakishona begani mwa fulana, pale fremu inapokaa. Hakuomba ushauri wa mtu. Nilimuuliza analalaje. Akasema, "Nalala, baba mkubwa. Nikiamka ndipo inakuwa tabu."

Jumatatu, 6 Mei

Kocha amepiga simu. Anaitwa Kristian. Ameuliza kama barabara itafunguliwa. Nimemwambia haitafunguliwa, watatembea dakika ishirini kutoka darajani. Amesema watatembea. Sauti ni ya mtu asiyependa maneno mengi. Nimeridhika naye, na hilo halitusaidii kitu.

Jumamosi, 11 Mei

Wageni wamefika saa tano: Kristian na wasichana wanne, wawili wa Arusha na wawili wa Tanga mjini. Leo zilikuwa mbio za ndugu na jamaa, mzunguko mmoja, kwa kuchangamsha kijiji. Walioingia ni ishirini na sita. Alikuwamo mwalimu mkuu, wanakwaya sita wakiwa na baiskeli mbili kwa zamu, na wakwe wawili wa ukoo mmoja ambao kwa heshima hakuna aliyetaka kumpita mwenzake, hivyo wakaenda sambamba polepole njia nzima na kuziba watu kumi na mmoja nyuma yao.

Issa alitumbukia kwenye mfereji wa kwanza. Mashemeji zake kutoka ukingoni hawakumpa mkono kabla hawajamaliza maneno yao.

"Fundi, breki?"

"Ziko."

"Ziko wapi?"

"Ziko nyumbani, nauza."

Fanueli alikata cheni kwenye gogo la pili. Nilifunga daftari, nikala wali kwa wanawake wa kanisa, nikasahau. Alifika saa nane na nusu, saa moja na dakika saba baada ya mtu wa mwisho, amebeba baiskeli ya marehemu baba yetu begani. Ile ni kilo ishirini na mbili. Alivuka mstari, akaiweka chini, akaniuliza, "Umeandika?" Nililazimika kufungua daftari tena. Sikumbuki lini nyingine nilimwona akimaliza kitu.

Milimita 9.

Jumapili, 12 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Ibada ilimalizika saa nne na nusu. Mvua nyepesi, ukungu hadi usawa wa paa la shule. Wasichana kumi na mmoja walisimama kwenye mstari: saba wa kwetu na vitongoji vya jirani, wanne wageni. Mizunguko minne. Nilipuliza filimbi saa tano na dakika kumi kamili.

Mzunguko wa kwanza Secilia alipita mbele yangu kwa 12:04. Sikuamini saa, nikaitazama ya Kristian. Ilisema hivyohivyo. Rahma nyuma yake kwa sekunde sita, Esteria wa tatu, Shukrani wa Tanga wa nne, mbali. Mzunguko wa pili Secilia alitumia 12:31. Kristian alikuwa amekunja mikono. Aliniambia, "Yule anajua kushuka. Wengi wanajua kupanda tu." Fanueli alisikia. Alikwenda akasimama nyuma ya choo cha shule, peke yake, akarudi.

Mzunguko wa tatu nilimtarajia kwenye dakika ya thelathini na saba. Hakuja. Dakika ya thelathini na tisa alitoka mtu kwenye ukungu, naye ni Shukrani. Baada yake wageni wengine watatu, mmojammoja. Nilifikiri fremu imekatika pale ilipochomewa.

Yaliyotokea kwenye ngazi sikuyaona. Nimeyapata kwa watu wanne, kila mmoja peke yake, na yanalingana.

Secilia alikuwa ngazi ya sabini hivi, baiskeli begani. Kutoka juu ilikuwa inashuka miguu ya wanaume wanne na machela, blanketi la kijani limemfunika mtu hadi kidevuni. Wanaume walikuwa njiani tangu saa mbili. Mmoja alikuwa amefunga kitambaa mkononi kwa sababu mti ulikuwa umemchubua. Issa, chini, alikuwa na filimbi mdomoni. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuipuliza kuwazuia huko juu, alinitazama kama mgeni. "Niipigie filimbi machela?"

Secilia alisimama kwa muda wa hatua mbili. Esteria, aliyekuwa chini yake, ndiye aliyeuona muda huo. Kisha aliilaza baiskeli kwenye majani, akasema, "Shikamooni, poleni," akachukua ncha ya nyuma kushoto, kwa yule mwenye kitambaa. Rahma alifika.

"Dada, wewe nenda. Mimi nitabeba."

"Ncha ziko nne," Secilia akasema.

Rahma akalaza ya kwake. Esteria akalaza ya kwake. Waliofuata wa kwetu wakafika, wakakuta ncha zimejaa, wakazilaza baiskeli chini na kutangulia kushuka, ili wapokee kituo kinachofuata. Ndivyo inavyofanyika. Hakuna hata mmoja wa saba aliyepita.

Shukrani alipofika alijibana pembeni na kuuliza, "Nipite?" Mmoja wa wanaume akamwambia, "Pita, mwanangu." Akapita. Sina neno juu yake. Aliuliza, akaruhusiwa.

Secilia alibeba hadi darajani, akapokewa na watu wa zahanati, akazipanda ngazi zote upya kuifuata baiskeli. Mzunguko huo ulimchukua dakika 23 na sekunde 50. Wa nne aliukimbia kwa 12:10, na hakuna mtu, siku hiyo, aliyekimbia mzunguko wa nne karibu na hapo. Jumla 60:35. Shukrani alikuwa amekwisha kuingia kwa 54:02. Waliomtangulia wote walikuwa wageni.

Kristian alimsikiliza Issa hadi mwisho. Kisha akaja mezani kwangu. Ni mtu wa miaka arobaini hivi.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba."

"Kanuni yetu iko hivi. Kukiwa na dharura njiani, mshika saa mkuu akisimamisha saa, muda ule unaondolewa kwa waliosimama. Ulisimamisha?"

"Sikuwa kwenye ngazi."

"Sijauliza ulikuwa wapi. Nauliza kama ulisimamisha."

Nilitazama daftari. Akageuka akatazama ukungu.

"Nauliza taratibu, mzee. Mimi sina daftari. Daftari unalo wewe. Utakachosema ndicho nitakachokipeleka."

"Mwandishi," Issa akasema, "unaulizwa kwa Kiswahili chepesi kabisa."

Fanueli alikuwa upande wangu wa kushoto. Tangu tukiwa watoto ananiita kaka. Leo alisema, "Sefania."

Shukrani alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajimwagia maji miguuni. Alisikia mazungumzo, akanyanyuka na kuja, ndala moja mguuni.

"Babu, ndiyo kusema mimi si wa kwanza?"

Secilia alikuwa amechuchumaa mita tano kutoka pale, anachokoa matope kwenye cheni kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

Nikasema, "Saa haikusimamishwa. Wa kwanza ni Shukrani. Dakika hamsini na nne na sekunde mbili."

Kristian alifungua mkoba wake. Akatoa kalamu, akaandika jina la Shukrani kwenye fomu. Waliondoka saa tisa kwa miguu, Kristian akiwa amembebea Shukrani baiskeli. Alimpa Rahma namba ya simu, akamwambia mwakani, kama klabu itakuwapo. Kwa Secilia alisimama, wakapeana mikono.

Milimita 6.

Jumatatu, 13 Mei

Aliyekuwa kwenye machela ni Mzee Alen wa kitongoji cha juu kabisa. Ana kidonda cha mguu, cha siku nyingi. Ilikuwa abadilishiwe bandeji Jumamosi. Wabebaji wake walikuwa kwenye mbio za ndugu na jamaa, wakaahirisha hadi Jumapili. Hilo halikuwamo kwenye daftari la Scholastica, na lisingeweza kuwamo. Bandeji imebadilishwa, amepewa vidonge vya siku tano, na jioni ileile alirudishwa kwake.

Nilihesabu wagonjwa wa miezi miwili nikadhani nimeipima njia. Fanueli hakuhesabu kitu. Aliwatazama wasichana aliowalea, akajua watafanya nini.

Jumanne, 14 Mei

Fanueli hajaja. Kila asubuhi hupita hapa kuazima jiwe la kunolea. Leo amenolea kwa jirani.

Jumamosi, 18 Mei

Milimita 4. Nimepanda kumwona Mzee Alen. Nilitumia dakika hamsini na tano. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa saa."

"Ni mimi."

"Niliwaambia wamwache mtoto apite. Nilisema mara mbili. Lakini nani anamsikiliza mtu aliyelala?" Alijikuna juu ya bandeji. "Nikamwambia mwenyewe, mwanangu, mimi ni kidonda tu, sifi leo. Akaniambia, nyamaza mzee, utachoka. Yeye ndiye amebeba, mimi ndiye nitachoka."

"Hakukuuliza unaumwa nini?"

"Aniulize kwa nini?"

Alinitaka nimpelekee Secilia salamu. "Mwambie hongea," akasema, ndiyo asante yetu ya Kishambaa. Nilizifikisha jioni. Secilia alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Nimezipokea," akaendelea kuchambua.

Alhamisi, 23 Mei

Fanueli amekuja kuchukua jiwe la kunolea. Alinoa bila kuketi.

"Ile njia uliikataa, nami sikukusikia," nikamwambia. "Kosa ni langu."

"La njia nimekusamehe siku ileile." Alipima makali kwa kidole. "La saa bado."

"Nilisema kilichotokea."

"Najua kilichotokea, kaka. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako."

Alirudisha jiwe mahali pake. Amerudi kuniita kaka. Sijui kama kuna zaidi ya hapo kitakachorudi. Nimekwisha kuona uongo ukichapwa kwa sababu mbaya mara mia kuliko ile, na waliouchapa wakala chakula cha mchana. Nikijiuliza kama ningesema vingine leo, jibu linatoka lilelile, na halinipi nafuu yoyote.

Jumatatu, 27 Mei

Jua saa tatu nzima. Masika yanaisha. Kopo ni kavu. Efrazia ametuma ujumbe: gari tarehe tatu, Mlola, saa moja asubuhi, kila mmoja aje na blanketi lake na mabuti.

Jumatano, 29 Mei

Secilia ameifungua baiskeli vipande vipande na kumrudishia Issa, kila kimoja kimeoshwa. Issa hakutaka kuvipokea. Secilia aliviweka sakafuni, akaondoka. Rahma anafanya mazoezi peke yake ndani ya uwanja wa shule, anazunguka. Leo 13:40. Hana wa kumfukuza.

Jumatatu, 3 Juni

Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Secilia, Fanueli na mimi. Fanueli alibeba blanketi na mabuti. Mlola tulifika saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Gari lilikuwa lori lenye turubai, wasichana kama kumi na watano wamekwisha kupanda, wengine wa kutoka upande wa Mtae walikuwa wamelala juu ya mizigo yao. Dereva alikuwa na karatasi ya majina. Fanueli alikwenda kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa.

Tulibaki wawili. Nilitaka kumuuliza tangu tarehe 12 Mei, na sasa hakukuwa na siku nyingine.

"Zile hatua mbili ulizosimama," nikasema. "Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa nahesabu." Alikuwa anatazama lori. "Rahma sekunde nane. Esteria labda ishirini. Shukrani dakika mbili na nusu. Nilijua nikipita hakuna atakayenifikia."

"Na wanaume wale wangekuruhusu. Shukrani walimruhusu."

"Wangeniruhusu, baba mkubwa. Wangenipisha kabisa."

Dereva akaita jina lake. Alijifunga kitenge upya kiunoni ili apande.

"Ningekuwa mtu wa kwanza wa Kwemvumo kuipita machela," akasema. "Hilo nalo ungeliandika?"

Nilimwambia ndiyo, ningeliandika.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa muda aliokuwa anaujua tayari. Aliniaga, akamuaga baba yake, akapanda.